Hiyo si Y, fundi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandika mabango, nina kibanda karibu na soko la Gikomba. Mchungaji mmoja ameniletea karatasi yenye neno la Kiebrania, עמנואל, niliandike juu ya mlango wa kanisa. Anasema ni Imanueli. Nimehesabu herufi sita, na I siioni. Kulia kabisa kuna kitu kama Y iliyopinda mkia. Kijana ninayefanya naye kazi ametazama kwenye simu akasema herufi ya kwanza ya Kiebrania ni alefu, kwa hivyo tuanze na א. Rangi nimeshanunua. Nifanyeje?
Fundi wa Gikomba

JIBU: Marahaba. Afadhali umeuliza kabla ya kufungua mkebe. Hiyo Y yako inaitwa ayini, herufi ya 16 kati ya 22, na hapo ndipo mahali pake. Mwambie kijana alefu inatangulia kwenye alfabeti, si kwenye kila neno.

I huioni kwa sababu haimo mstarini. Kiebrania huandika hasa konsonanti. Irabu zikihitajika huwekwa kwa vidoa. I ya Imanueli ni kidoa kimoja chini ya ayini, na kwenye bango huachwa. Ayini yenyewe ni sauti ya kooni, ndugu ya ع ya Kiarabu. Waisraeli wengi wa leo wanairuka. Wayahudi wenye asili ya Yemeni ni miongoni mwa walioitunza. Ukitaka kuisikia, panda matatu hadi Islii ukanunue maziwa ya ngamia. Muuzaji Msomali atayaita caano, na hiyo c ndiyo ayini. Kisomali kilipopewa herufi za Kilatini mwaka 1972, c ilikabidhiwa kazi hiyo. Huenda umewahi kuandikia mtu Cali kwenye duka lake, naye anaitwa Ali, ukadhani kakosea.

Sisi Waswahili tuliimeza. Maana, saa, jamaa, taarifa: yote yalikuwa nayo katika Kiarabu. Koo likaondoka, zikabaki a mbili.

Sasa hiyo alefu ya kijana. Im kwa ayini ni "pamoja na", ndiyo maana Imanueli ni Mungu pamoja nasi. Im kwa alefu ni "ikiwa". Mchungaji hakukulipa uweke "ikiwa" mlangoni pake! Wanaonakili Torati kwa mkono wanaijua hatari hii. Katika Kumbukumbu la Torati 6:4, neno shema, yaani sikia, huishia kwa ayini, nao huiandika kubwa kuliko jirani zake. Ikigeuka alefu, "sikia" inakuwa "labda". Mwisho wa aya hiyohiyo, kwenye neno la "mmoja", herufi daleti, ד, nayo ni kubwa, maana ikidhaniwa reshi, ר, inayofanana nayo, "mmoja" anakuwa "mwingine". Ziweke pamoja herufi hizo mbili kubwa, upate ed: shahidi. Mimi hapo huwa nasimama kidogo kila ninaposoma.

Jina ayini ni jicho, na pia ni chemchemi, kama nasi tunavyosema jicho la maji. Wafinisia, watu wa kale wa pwani ya Lebanoni, waliichora duara; Wagiriki, wasio na sauti ile, wakalichukua duara wakalifanya o. Hiyo O unayoiandika kila siku kwenye "Gikomba" ilianza kama jicho.

Tuje kwenye brashi. Ayini ina mikono miwili. Wa kulia ndio mrefu: unashuka, unapinda, mkia unaelekea kushoto. Wa kushoto ni mfupi, unakuja kuuegemea. Ukiugeuza, mgongo ukaanzia juu kushoto na kitako kikalala bapa, umeandika tsade, צ, na hilo ni kanisa jingine.

Chora kwa penseli kwanza. Nilipokuwa kwenye uchapaji tulipanga kadi za harusi zenye neno hilihili, kompyuta ikaligeuza, ayini ikatokea kushoto. Hakuna aliyeona mpaka bwana harusi alipokuja kuzichukua. Kadi 300 ziliishia kufungia karanga.

Anza kulia, umalizie kushoto kwa lamedi, ile ל inayopanda juu ya wenzake. Iachie nafasi, hasa kama mabati yamekaa karibu na mlango.