Maswali ya Sheria: Talaka ya Tanga, Ndoa ya Leicester

SWALI: Assalamu alaykum, ndugu mwandishi. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga, na ninafanya kazi ya kutunza wazee mjini Leicester, Uingereza, kwa viza ya kazi. Mchumba wangu ni Mkenya wa Mombasa, naye yuko hapa kwa viza ya kazi na hajawahi kuoa. Mimi niliolewa Tanga, nikaachwa mwaka 2021, eda nikaimaliza, na nina karatasi ya BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, yenye muhuri. Tumepanga kuoana baada ya wiki 8. Shekhe wa msikiti wetu yuko tayari kutuozesha siku yoyote. Rafiki yangu ananishauri nikifika kwa msajili niseme sijawahi kuolewa, ili nisisumbuliwe, na ndugu zangu wa nyumbani wananihimiza nitafute barua ya RITA, wakala wa serikali ya Tanzania unaosajili vizazi, vifo na ndoa, ya kuthibitisha kwamba sina mume. Nianzie wapi?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Ushauri wa rafiki yako uuache leo hii, kabla hujasoma mengine. Maelezo unayoyatoa mbele ya msajili unayatia saini, na kusema uongo katika maelezo hayo ni kosa la jinai England chini ya sheria ya mwaka 1911 inayohusu viapo vya uongo. Baya zaidi ni kwamba, ikiwa ndoa yako ya kwanza bado ipo kisheria, ndoa ya pili utakayofunga Leicester itakuwa batili tangu dakika ya kwanza, hata kama mtaishi kwa mapenzi miaka 20.

Nawe, kwa jinsi ulivyonieleza, huenda bado ni mke wa mtu mbele ya sheria. Najua neno hili litakuuma, kwa sababu uliachwa, ukakaa eda na ukaanza maisha upya. Tafadhali itoe ile karatasi ya BAKWATA uisome kwa utulivu. Nimekwisha kuletewa karatasi nyingi za namna hiyo, na mara nyingi juu yake pameandikwa Fomu Namba 3, na chini yake maneno kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha wanandoa hawa. Kama yako ni hiyo, basi hiyo si talaka. Ni hati ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa inayokufungulia mlango wa mahakama, na mlango huo inaelekea hakuna aliyeuingia.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inasema kwamba ndoa iliyofungwa nchini haivunjiki ila kwa kifo au kwa amri ya mahakama. Talaka aliyoitamka mume haikupuuzwa. Baraza likishathibitisha kwamba limeshindwa kusuluhisha, na baada ya hapo mume akatamka talaka kwa mujibu wa dini yenu, mahakama inapaswa kutoa amri ya kuivunja ndoa. Hata hivyo, amri yenyewe lazima itoke kwa hakimu. Wasomaji wa Zanzibar na wa Kenya wasichanganyikiwe hapa, kwa maana kwao Mahakama ya Kadhi ni mahakama ya dola na hukumu yake ni hukumu kamili. Kwa mtu wa Tanga, karatasi ya shekhe au ya baraza haifiki huko.

Utauliza, msajili wa Leicester anahusika vipi na sheria za Tanga? Anahusika sana, kwa sababu sheria ya England ya mwaka 1986 inaitambua talaka ya nje endapo kule ilikotolewa ina nguvu ya kisheria, na endapo mmoja wa wanandoa alikuwa raia au mkaazi wa nchi hiyo. Kwa hiyo swali atakaloliuliza Mwingereza ni lile lile ambalo angeliuliza hakimu wa Tanga: je, ndoa hii ilivunjwa na mahakama?

Basi anzia nyumbani. Shauri la talaka linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, na kwa jambo lisilo na mgogoro wa mali Mahakama ya Mwanzo inatosha. Hapa kuna kikwazo ambacho watu wengi hukigundua wakiwa tayari wamesimama dirishani kwa karani: hati ya baraza inayoambatanishwa na maombi ya talaka haipaswi kuzidi miezi 6 tangu ilipotolewa. Hati yako ya mwaka 2021 imekwisha muda wake. Ukifungua shauri wewe, utahitaji kurudi barazani kuomba nyingine. Lakini kama wewe na mtalaka wako hamna uadui, ipo njia nyepesi zaidi, nayo ni kumwomba yeye ndiye awe mwombaji. Sheria inairuhusu mahakama kupokea shauri bila hati ya baraza pale mjibu maombi anapoishi nje ya nchi na hatarajiwi kuingia nchini ndani ya miezi 6, na mjibu maombi huyo utakuwa wewe. Mtafute wakili wa Tanga akuandalie jambo hili kwa maandishi. Ada yake itakuwa ndogo kuliko gharama ya harusi iliyoahirishwa.

Shauri likiisha, omba nakala ya hukumu na nakala ya amri ya talaka, zote mbili zikiwa zimegongwa muhuri wa mahakama na kutiwa saini. Picha ya simu haitoshi. Kumbuka pia kwamba Mahakama ya Mwanzo huendesha mashauri yake kwa Kiswahili, lugha tuliyoizoea sisi lakini isiyosomeka kwa msajili wako, kwa hiyo utahitaji tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa na mtafsiri.

Sasa tuje Leicester. Kwa kuwa hakuna kati yenu aliye Mwingereza, Mwairishi au mwenye ukaazi wa kudumu, mnatakiwa kwenda pamoja kutoa taarifa ya kusudio la ndoa mbele ya msajili, baada ya kuwa mmekaa katika eneo lake siku 7 kamili. Mtabeba pasipoti, uthibitisho wa viza zenu, uthibitisho wa anwani mnakoishi, picha ndogo za pasipoti, na kwa upande wako hati za talaka pamoja na tafsiri yake. Talaka za nje hukaguliwa kwanza kabla ya kukubaliwa, nako kuna ada na kuna kusubiri. Taarifa ikishapokewa hubandikwa hadharani siku 28, na kwa wageni kama ninyi hupelekwa pia kwa mamlaka ya uhamiaji, ambayo ina uwezo wa kurefusha muda huo hadi siku 70 ili ijiridhishe kwamba ndoa ni ya kweli. Wiki 8 ni siku 56. Nakusihi usilipie ukumbi wala usimkatie mama tiketi mpaka msajili akupe ruhusa mkononi. Ruhusa hiyo itadumu miezi 12 tangu taarifa ilipotolewa, kwa hiyo hamtakosa siku.

Ile barua ya RITA wanayoisema ndugu zako haidaiwi na msajili wa England. Usipoteze fedha.

Limebaki la shekhe, nalo nalisema kwa heshima yote. Nikaha ni ndoa mbele ya Mwenyezi Mungu, lakini mbele ya sheria ya England ni ndoa pale tu inapofungwa katika jengo lililosajiliwa kwa ajili ya ndoa, baada ya taarifa kutolewa kwa msajili na mbele ya mtu aliyeidhinishwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya huko iliamua shauri la watu wawili waliofungishwa nikaha katika mgahawa mmoja wa London mwaka 1998, wakaishi pamoja na kuzaa watoto wanne bila kupita kwa msajili. Mahakama ilisema kwamba hapakuwa hata na ndoa batili ya kubatilishwa. Mwanamke katika hali hiyo hawezi kudai haki za mke aliyeachwa. Sitaki yakufike hayo. Mwulize shekhe kama msikiti wenu umesajiliwa kwa ndoa. Kama umesajiliwa, hati mtakayoitia saini pale pamoja na mashahidi wawili lazima irejeshwe kwa msajili ndani ya siku 21, na ninyi wenyewe mfuatilie mpaka muone cheti. Kama haukusajiliwa, nendeni kwa msajili asubuhi, mfunge nikaha alasiri.

Cheti kikitoka, nunua nakala mbili au tatu. Nakala moja ithibitishwe na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza na kisha na ubalozi wa Tanzania mjini London, ili ukirudi nyumbani usipate taabu ya kutambulika kuwa mke wa mumeo.

SWALI: Mimi nipo Mombasa, na mchumba wangu ni raia wa Uingereza. Je, naweza kuingia kwa viza ya matembezi, tukaoana huko, kisha nikabaki?

JIBU: Hapana, kaka. Viza ya kawaida ya matembezi haikuruhusu kuoa wala kutoa taarifa ya ndoa. Ipo viza ya matembezi ya ndoa, nayo inakutaka uondoke kabla ya miezi 6 kwisha. Anayekusudia kubaki na mwenzi aliye raia huomba viza ya mchumba akiwa bado nyumbani, huoana ndani ya miezi 6 ya viza hiyo, kisha huomba kubaki kama mume akiwa hapo hapo Uingereza. Ombi hilo lifanywe kabla viza ya mchumba haijaisha.