Pikipiki za mia tano (cc 500) za mipigo miwili: majibu kwa wanaotaka kuchagua

Fundi, niko kati ya Honda CR500 na Kawasaki KX500. Nitaendesha zaidi jangwani, ila mara moja moja nitaingia kwenye mashindano ya motokrosi. Nichukue ipi?

Chukua Kawasaki. Kwa ujazo zinakaribiana sana, cc 491 kwa Honda na 499 kwa Kawasaki, lakini injini zenyewe hazifanani. Silinda ya Honda ina kipenyo cha milimita 89 na pistoni yake husafiri milimita 79. Ya Kawasaki ni 86 kwa 86. Tena Kawasaki ina vali za ekzosi, mfumo wanaouita KIPS, unaobadilisha tundu la kutolea moshi kadiri injini inavyozunguka. Ndiyo maana nguvu yake inaanza chini na kupanda kwa mpangilio.

Jambo kubwa zaidi ni fremu. Honda inageuka upesi na ukiwa kwenye kona za motokrosi utaipenda mno. Wepesi huohuo wa kugeuka ndio unaokuchosha ukiwa gia ya tano juu ya mawe na mifereji ya mchanga, kwa sababu usukani unataka kucheza kila wakati. KX500 inakwenda imenyooka. Timu ya Kawasaki iliyokuwa na kina Larry Roeseler, Danny Hamel na Ty Davis ilishinda Baja 1000, mbio ndefu za jangwani huko Meksiko, kwa pikipiki hii mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mbio zile hazimhurumii mtu mwenye pikipiki inayoyumba.

Kama tayari una Honda, usiiuze. Ifunge kizuia mtikisiko wa usukani, urekebishe shokapu, nayo itatulia. Wapo pia wanaoing'oa injini ya CR500 na kuipandikiza kwenye fremu ya alumini ya CR250, mdogo wake wa Honda, kwa kuwa Honda yenyewe iliiacha CR500 na fremu ya chuma mpaka mwisho. Ni kazi nzuri ikifanywa na mchomeleaji anayejua kupima. Ikifanywa kwa kubahatisha, ni hatari.

Pistoni yangu imenasa kwenye silinda baada ya kuvuta resi mwendo mrefu. Oili nilichanganya sawasawa, sehemu moja ya oili kwa 32 za petroli. Kosa liko wapi?

Nina hakika haikunasa wakati unavuta. Ilinasa ulipofunga resi.

Kwenye mipigo miwili oili inaingia pamoja na petroli. Ukiwa umevuta resi yote, mafuta mengi yanapita, yanalainisha na kupoza. Halafu unafika mwisho wa tambarare, unafunga resi ghafla ukiwa bado kwenye gia. Tairi la nyuma linaendelea kuizungusha injini kwa kasi ileile, na mafuta umeshayakata. Pistoni imetanuka kwa joto, na sasa haina oili. Inakwama, tairi la nyuma linajifunga, nawe uko hewani.

Kwa hiyo kamata klachi papo hapo unapofunga resi, ili injini ishuke yenyewe. Waendeshaji wa jangwani wa zamani walikuwa pia wanavuta choki kidogo hapohapo, ili mafuta yaendelee kuingia. Fanya mazoezi mpaka mkono uwahi wenyewe.

Jambo la pili, usikimbilie kuongeza oili. Oili ikizidi inachukua nafasi ya petroli, hewa inakuwa nyingi kuliko mafuta, na joto linapanda. Ongeza ukubwa wa jeti kuu (tundu la kabureta linalopitisha petroli) hatua moja, kisha angalia plagi. Rangi ya kahawia ni salama. Ikiwa nyeupe, simama. Kagua pia sili za krenki na mpira wa kabureta, maana hewa inayopenya hapo huua injini kimyakimya.

Joto kali linataka jeti ndogo, mchanga mzito unataka jeti kubwa. Nimfuate nani?

Mchanga. Jeti kubwa kupita kiasi itakuchafulia plagi. Ndogo kupita kiasi itakula pistoni. Anza na kubwa, ushuke taratibu.

Nimepata Yamaha YZ490 kwa bei ya chini. Inafaa kwa mbio za jangwani?

Kwa mbio ndefu, hapana. Ilipozwa kwa hewa mpaka toleo la mwisho la 1990, na injini yake inajulikana kwa kugonga (mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda) ikipata joto. Kwa matembezi na kwa anayependa pikipiki za kale, ni raha.

Je, KTM 300 ya siku hizi haitoshi?

Kwa wengi wetu inatosha, na kwenye njia nyembamba zenye mawe inaishinda mia tano yoyote. Ina cc 293, gia sita, na inawaka kwa kitufe. Mahali pamoja inaposhindwa ni mchanga mzito wa tambarare, pale mia tano inapovuta gia ya juu bila kubembelezwa. Kama hapo ndipo utakapokuwa siku nzima, tafuta mia tano, na upunguze meno mawili au matatu kwenye sproketi ya nyuma.

Naogopa kiki ya KX500. Imeshanipiga mguu mara mbili.

Inapiga kwa sababu unaikanyaga nusu nusu. Vaa buti. Shusha kiki polepole mpaka ikaze, ipitishe kidogo tu hapo, kisha iache irudi juu. Sasa simama wima juu ya pikipiki, mkono usiguse resi, na ukanyage kwa uzito wako wote mpaka chini kabisa. Ukihisi miguu imechoka, pumzika kabla ya kujaribu tena.