Mnaoniuliza Malaysia kukoje, najibu hapa

Jamani wa Mwanga, Ujiji, Gungu na nyie wa Kasulu, tangu nifike huku mji wa Kajang kusoma naulizwa mambo matatu tu: baridi ikoje, kazi nimepata, na dogo wa mama mdogo aliyemaliza fomu siksi aanze kushughulikia paspoti au atulie. Najibu yote hapa maana kuandika inboksi kwa kila mtu sitaweza.

Baridi hakuna. Ughaibuni siyo lazima barafu, Kajang iko karibu na ikweta kuliko hata Kigoma yetu, joto lake ni la unyevu, yaani unatoka kuoga jasho linaanza hata shati hujavaa, na mvua inapiga karibu mwaka mzima, kile kiangazi chetu cha Juni mpaka Septemba vumbi mpaka kwenye kope huku hakipo. Lakini lile jaketi la mitumba nililonunua sokoni Mwanga mkanicheka ndo navaa kila siku, darasani na maktaba wanawasha kiyoyozi utadhani wanahifadhi samaki. Wiki ya kwanza nimeumwa mafua kwenye nchi ya joto, haya semeni wenyewe. Chandarua alichonifungia mama kipo tu kwenye begi, huku wanachoogopa ni homa ya dengue na mbu wake anauma mchana kweupe.

Siku za mwanzo zenyewe ni foleni, vipimo vya afya, fomu juu ya fomu, paspoti unaikabidhi ofisini unabaki na karatasi. Jioni upweke, nimelia, siwafichi.

Sasa kazi, hapa msome taratibu. Kibali cha mwanafunzi siyo kibali cha kazi. Mgeni anayesoma anaruhusiwa vibarua wakati wa likizo tu, tena likizo inayozidi siku 7, mwisho saa 20 kwa wiki, na mpaka uombe ruhusa kupitia chuo, halafu ni sehemu walizozitaja wao kama migahawa, hoteli, sheli. Kwa hiyo wanaosema nikishatulia nitume hela ya bati wasinisubiri kabisa, mimi mwenyewe nasubiri baba auze mahindi. Na wakala akikwambia ukifika tu utafanya kazi ujilipie ada, huyo anakula hela yako. Kuna kijana nimemkuta hapa alikuja kwa maneno hayo hayo, semista ya pili hana ada wala nauli ya kurudi.

Msosi haunisumbui, na wa Ujiji msiwe na hofu, halali ipo kila kona. Asubuhi wanakula kitu kinaitwa nasi lemak, wali wa nazi na pilipili yake, karanga, na vidagaa vikavu vya kukaanga pembeni, asubuhi hiyo hiyo! Kuna roti canai, chapati laini unachovya kwenye mchuzi wa dengu, na Kajang yenyewe inasifika kwa satay, mishikaki midogo na mchuzi wa karanga. Ila ugali wa muhogo na samaki wetu mgebuka wa mawese, we acha tu.

Na hayo mawese ndo yananiuma zaidi. Ndege inashuka uwanja wa Sepang unaona chini michikichi mpaka macho yanachoka, nikasema nimefika nyumbani, kufika dukani mafuta yake yamesafishwa mpaka rangi na harufu vimeisha, yale mekundu ya kwetu bado nayatafuta. Halafu ile stori ya kijiweni kwamba Wamalaysia walikuja kuchukua mbegu Kigoma tuiache jamani. Mchikichi asili yake ni Afrika Magharibi, na mbegu zilizojaza mashamba ya huku zilitokana na miti minne iliyopandwa bustani ya Bogor, Indonesia, mwaka 1848, shamba la kwanza la biashara hapa jimbo letu la Selangor likaanza 1917. Wenzetu walikaa chini wakachagua mbegu miaka na miaka, sisi tumekaa tunadai tumeibiwa.

Dogo sasa. Kama mama mdogo ana ada ya kozi nzima na hela ya kula mkononi, siyo ya kuahidiwa, aje, masomo yapo na watu siyo wabaya. Kama hana, aombe chuo Dodoma au Dar na mkopo wake, hakuna aibu.

Na msinipigie saa nne usiku za huko, huku ni saa tisa usiku nimelala.