Uluguru ilivyonidanganya kwenye picha ya rada

Kama unatumia picha za rada sehemu yenye milima, soma hii kabla hujaanza kupaka rangi ramani yako, mimi imenigharimu karibu miezi miwili. Nilikuwa nachora ramani ya msitu wa Uluguru, Morogoro, kwa Sentinel-1, satelaiti ya rada ya Ulaya, nikaona upande wa mashariki unang'aa kweli kweli, yaani unarudisha mawimbi mengi ya rada kama msitu unavyofanya, na kwa vile ule upande ndo unapata mvua nyingi kuliko huku Mgeta, magharibi, nikasema basi, msitu mnene huo. Nikaenda Kinole, huko huko mashariki, kuhakiki na jipiesi mkononi. Pointi ya kwanza tu niliyoiita msitu nikakuta shamba la mahindi limeshavunwa, mteremko mkali, mti hata mmoja hakuna!

Kumbe siku ile satelaiti ilikuwa inashuka kutoka kaskazini kwenda kusini, na Sentinel-1 huwa inaangalia kulia kwake, yaani magharibi, kwa hiyo miteremko yote ya mashariki ilikuwa imeikabili. Mteremko unaokabili rada unarudisha mawimbi mengi hata ukiwa udongo mtupu.

Na mimi nilishasahihisha picha jamani! Ila nilifanya sahihisho la jiometria peke yake, lile linarudisha pikseli mahali pake kwenye ramani, ung'avu haliugusi. Hapa ndo wengi tunapotea, hata picha za Sentinel-1 za Google Earth Engine, jukwaa la Google la kuchakata picha za satelaiti mtandaoni, zimewekwa mahali pake tu, ung'avu wa mteremko hawajausawazisha.

Kwenye SNAP, programu ya kuchakata picha za rada, sasa hivi nafanya hivi: kalibresheni (kugeuza namba za picha kuwa kipimo cha ung'avu) natoa Beta0, ung'avu ambao bado haujahesabia ardhi, sio Sigma0, inayochukulia ardhi ni tambarare, alafu nasawazisha mteremko kwenye menyu ya radiometriki kwa kutumia modeli ya mwinuko, yaani ramani ya urefu wa ardhi, napata Gamma0, ung'avu ulioondolewa athari ya mteremko, ndo nafuata jiometria. Modeli natumia ya Copernicus ya mita 30. Ukimaliza, weka picha juu ya ramani ya pembe ambayo wimbi linapigia ardhi, kama ung'avu bado unafuata pembe kila bonde, rudia.

Kuna kitu hakisahihishiki lakini. Rada inapima umbali kwa muda wa wimbi kwenda na kurudi, kilele kikiwa karibu nayo kuliko bonde kinasomeka kwanza, kinaangukia juu ya bonde na vyote vinakuwa pikseli moja. Wimbi likija kwa nyuzi 35 kutoka wima, mteremko unaolikabili ukizidi hizo 35 tayari imetokea, wakati kivuli, yaani sehemu ambayo wimbi haliifikii, upande wa nyuma mpaka mteremko uzidi 55, kwa hiyo usihangaike na kivuli ukasahau hili. Sehemu hizo zikate. Kama eneo lako lina picha za satelaiti ikipanda, yaani ikitoka kusini kwenda kaskazini na kuangalia mashariki, jazia na hizo, kama hamna acha wazi, mimi zangu nimezipa rangi ya kijivu na hekta zake ziko kwenye safu yake, sijazijumlisha na msitu wala na shamba.