Rangi haina kosa: kwa mnaoanza kuvua krapi kwa jigi

Jumamosi nimewaona tena, pale kwenye gati lenye paa, Ziwa Lewisville, hapa Texas. Vijana wetu wawili wanavua krapi (crappie, samaki bapa wa maji baridi wa huku Marekani), boksi zao zimejaa rangi zote za dukani, wanabadilisha plastiki kila baada ya dakika chache: nyeupe, pinki, kijani cha limau, nyeusi yenye mkia wa chungwa. Upande wa pili mzee wa Kimarekani anavua kwa rangi moja tu, mkia umeshachakaa, na kila mara anainama kuchukua wavu wa mkono. Mmoja wa vijana akanigeukia: "Kaka, leo wanataka rangi gani?" Nikaishika jigi yake, yaani ile ndoana yenye kichwa cha madini ya risasi inayovalishwa chambo cha plastiki laini, nikaitazama. Nikamwambia, hii haijavalishwa, imetundikwa. Sijui kama alinisikia, maana alikuwa ameshafungua pakiti nyingine.

Basi nawaandikia ninyi wote, maana nimechoka kupigia kelele gatini, na mke wangu anasema nafukuza samaki.

1. Pima kabla ya kutoboa. Laza kichwa cha jigi ubavuni mwa plastiki, pua ya plastiki ianzie pale kichwa kinapoishia na shingo kuanza, kisha weka alama kwa ukucha pale ndoana inapoanza kupinda. Hapo ndipo ncha itatokea. Toboa katikati kabisa ya pua, halafu tembeza plastiki juu ya ndoana kidogokidogo, huku unaizungusha jicho lako lione tumbo na mgongo. Mgongoni kuna mstari mwembamba ulioachwa na kalibu. Ncha itokee juu ya mstari huo, si kando yake. Malizia kwa kusukuma hadi shingo ya risasi na kijino chake vimezwe, na pua ikae bapa kwenye kichwa. Ikibaki nafasi kati ya pua na risasi, umetokea mapema. Mwili ukijikunja tumbo, umechelewa. Chomoa urudie, ila ujue kila tundu jipya linalegeza plastiki. Ikilegea sana, tone la supagluu shingoni linatosha.

Zile zenye umbo la bomba huvalishwa kwa ndani. Lowesha kichwa, kiingize kwa upande wa nyuzinyuzi, kisukume hadi puani, kisha toboa ili kitundu cha kufungia mshipi kichungulie nje. Kulowesha kwa mate sawa, lakini risasi yenyewe usiiweke mdomoni kama seremala anavyobana misumari. Ni sumu, na nimewaona mkifanya hivyo mbele ya watoto.

2. Sasa nisikilizeni kuhusu pakiti zangu. Kuna kipindi nilijiona fundi. Nilishakaa Texas muda wa kutosha, nikaona wenzetu wengi hawana subira ya kuvalisha, nikasema hapa pana biashara. Jioni nikitoka kazini nakaa mbele ya televisheni, mpira unaendelea, mikono inavalisha na macho yako kwenye skrini. Nafunga tanotano kwenye kifuko cha nailoni, nauza Jumapili baada ya ibada, pale nje watu wanaposalimiana. Zilitoka! Mama mmoja aliwanunulia wanawe wote. Kijana mmoja alichukua za kwake na za kumpelekea binamu yake Houston. Nikaanza hata kufikiria jina la kuandika kwenye kifuko.

Baadaye malalamiko yakaanza kunifikia kwa ile adabu yetu inayoua. Hakuna aliyesema jigi ni mbovu. Mmoja alisema, "Labda mkono wangu mzito, kaka." Mwingine akasema ziwa limebadilika. Yule kijana mwenye binamu akalalamika kwamba mishipi ya siku hizi inajisokota yenyewe, anatumia asubuhi nzima kufungua mafundo. Na mimi, badala ya kushtuka, nikampa ushauri! Nikamwambia anunue mshipi mpya. Halafu nikamuuzia pakiti ya rangi nyingine.

Aliyenimaliza ni mzee mmoja wa Kigoma, aliyevua migebuka Tanganyika tangu hajaota ndevu. Tulikuwa kwenye nyama choma, mtoto wa mwenzetu amemaliza shule, uani watu wamejaa. Mzee akaomba ndoo ya maji. Wakadhani anataka kunawa. Akatoa mfukoni jigi yangu, ameifunga kwenye kipande cha mshipi, akaizamisha na kuivuta polepole kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ikazunguka. Akarudia, ikazunguka tena, na kile kipande cha mshipi kikaanza kujikunja mkononi mwake. Akatoa ya pili. Hiyo ilikwenda ubavu. Akanitazama kwa upole kabisa, akasema, "Mwanangu, kumbe nimenunua feni."

Walicheka mpaka mchoma nyama akaacha moto. Na mimi nikacheka, kicheko cha mtu asiye na pa kuficha uso. Niliowakumbuka niliwarudishia hela. Wengine walikataa kupokea, na hiyo ikauma zaidi. Yule kijana hadi leo sijamwambia kwamba mshipi wake wa kwanza haukuwa na kosa. Usiku ule nilizichukua zilizobaki nikazipasua kwa wembe, moja baada ya nyingine, nione ndani kuna nini. Ndoana ziliingia vizuri puani, zikaanza kukengeuka katikati ya mwili, zikatokea pembeni, karibu zote upande uleule. Kumbe mkono wangu ukiwa hautazamwi unavuta kushoto.

Ndiyo maana nawasumbua. Plastiki iliyopinda husukumwa na maji upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa hiyo jigi inazunguka, na kila mzunguko unahamia kwenye mshipi. Kwenye mshipi wa ratili 4 au 6 huchelewi kuona vitanzi vinaruka kutoka kwenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Na krapi si samaki wa kukurupuka. Anaweza kusimama karibu na jigi akaitazama, na kitu kinachozunguka ovyo anakiacha kipite. Kabla hujatupa, izamishe jigi karibu na miguu yako, ivute hatua moja. Ikienda sawa, tupa.

3. Ukubwa. Kwa plastiki ya inchi moja na nusu kichwa cha aunsi 1/32 kinatosha, ya inchi 2 weka 1/16, na 1/8 ni ya siku ya upepo au maji ya kina kirefu. Namba za ndoana zinakwenda kinyume: namba 8 ni ndogo kuliko namba 2. Msinirudishie tena boksi mkisema muuzaji amewadanganya.

4. Ukivua wima, jigi inatakiwa ining'inie mlalo. Fundo la kukaza lisogeze liwe juu ya kitundu, na ukishatoa samaki lisogeze tena, maana litakuwa limeteleza mbele na jigi imeinua pua juu. Anayetupa mbali na kuvuta afunge fundo la kitanzi. Hili dogo ndilo linalowatofautisha watu wawili waliokaa gati moja, wana jigi moja, mmoja anakula na mwingine anapiga picha za machweo.

5. Usichanganye plastiki za aina tofauti kwenye boksi moja. Zile laini zinazovutika sana zikikaa na za kawaida, zinayeyushana na kuwa uji unaonata. Nazo zote zisikae kwenye gari Agosti.

6. Wenzangu wa Mwanza, najua sangara walivyowazoesha. Hapa hakuna kufyatua fimbo kama unang'oa muhogo! Ngozi ya mdomo wa krapi ni nyembamba mno, ukivuta kwa nguvu inachanika na samaki anaondoka na wewe unabaki unasimulia. Inua tu fimbo, endelea kuvuta bila kulegeza, na mkubwa mtie wavu, usimnyanyue kwa mshipi. Pia macho yake yanatazama juu. Samaki wakiwa futi 15, wewe kaa 13. Chini yao utakaa mpaka jioni.

Maji ya baridi, acha kutikisa. Chukua yenye mkia mnyoofu mwembamba, ishikilie tu. Mkono wako unatetemeka vya kutosha kwa baridi ya Januari.

7. Ziwa Fork. Kule kuna miti mingi iliyokufa imesimama majini, jigi itanasa, hilo likubali. Tumia ndoana za waya mwembamba, vuta taratibu kwa mshipi wenyewe na si kwa fimbo. Ndoana itanyooka, itatoka, na kwa koleo utaikunja tena.

Na kanuni zake msizipuuze. Texas kwa kawaida ni krapi 25 kwa siku, kuanzia inchi 10. Lakini Fork, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, hakuna kipimo: kila krapi unayemtoa unabaki naye, hata awe wa kiganja. Wakati huo wanakaa kilindini, ukimtoa huko kwa haraka mwili wake unaharibika, ukimrudisha anakufa hata kama umemwona anaogelea kuondoka. Kuna ndugu yetu alikuwa anachagua wakubwa na kurudisha wadogo kwa huruma, askari wa wanyamapori amesimama gatini anamtazama. Aliandikiwa faini huku bado anaeleza huruma yake. Kwa hiyo wadogo nao wanahesabiwa, na ukifika 25 unakunja fimbo, hata kama ndiyo kwanza wameanza kula.