Linki iliyofungwa ilinikosesha kazi ya lodge

Juzi usiku kijana mmoja wa Moshi alinitumia ujumbe: "Dada shikamoo. Na mimi napiga picha. Naomba uangalie kazi zangu, kisha uniambie, mteja nimtumie kiambatanisho kwenye imeili au nimpe linki?" Chini akaweka linki. Nikaibonyeza, kikombe cha uji mkono wa pili. Simu ikaniambia sina ruhusa, niombe kwa mwenye faili.

Nikacheka, halafu kicheko kikakata. Marahaba, mdogo wangu. Nitakujibu, lakini kwanza nikusimulie yangu, maana hayo maneno ya "omba ruhusa" mimi nayajua kwa machozi.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua nilivyoanza. Kamera ya kuazima, simu yenye kioo kilichopasuka, laptop hakuna. Kotesheni naandika kwenye simu, picha nachagua kwenye simu, imeili natuma kwa simu hiyo hiyo nikiwa kwenye Hiace ya kwenda Usa River, kiwiko cha jirani kimenikaa ubavuni. Enzi hizo nilikuwa mtu wa viambatanisho. Kazi moja natuma imeili tano: picha sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, hadi ile ya mwisho inazunguka tu haiendi. Nikawa natukana mtandao bure. Gmail inaruhusu MB 25 kwa imeili moja, na faili likifungwa kusafiri ndani ya imeili linavimba kwa karibu theluthi nzima. Kwa hiyo picha zako za MB 20 zikigoma, si laini yako wala si kampuni ya simu.

Na kotesheni nazo! Mteja akisema punguza, natuma nyingine. "Kotesheni ya mwisho". "Kotesheni ya mwisho kabisa". Mmoja alinilipa kwa kufuata ile ya kwanza, iliyokuwa na bei ndogo kwa sababu nilisahau usafiri wa kwenda Karatu. Nilipomuuliza akaniambia, "Si wewe mwenyewe uliyeituma?" Kweli, mimi mwenyewe.

Basi siku niliyoonyeshwa Google Drive, ile stoo ya Google ya kuweka faili mtandaoni, nikawa mlokole. Kila kitu linki. Folda moja, picha zote, kotesheni humo humo, natuma mstari mmoja tu wa maandishi. Nikibadilisha bei, kila mwenye linki anaiona mpya. Nilijiona nimeshafika mjini, nikawa hata nawacheka wenzangu wa imeili tano tano.

Ndipo ikaja lodge. Jina silitaji, ila ni ya watu wakubwa. Walitaka picha za msimu mzima, vyumba, chakula, wageni wakiwa kwenye gari, na malipo yake yangeninunulia kamera yangu na laptop juu. Niliwafanyia picha za majaribio siku mbili, nikazipanga usiku kucha, saa mbili asubuhi nikatuma linki kwa meneja. Kabla ya kutuma niliibonyeza mwenyewe. Ikafunguka vizuri, picha ya kwanza ile ya meza ya kifungua kinywa na Mlima Meru nyuma. Nikaingia kazini Njiro kwenye harusi, simu nikaizima sauti.

Kumbe kikao chao kilikuwa saa nne, Dar es Salaam, watu kadhaa kila mmoja na simu yake. Kila aliyebonyeza aliambiwa aombe ruhusa. Na waliomba! Nilipotoa simu saa tisa alasiri nilikuta maombi saba ya ruhusa kwenye imeili, yamepangana kama watu wa foleni ya hospitali. Nikayakubali yote saba, mikono ikitetemeka, ndani ya dakika moja. Jioni meneja akaandika kwa upole, na heri angenitukana, ingeniuma kidogo: wamempa mwingine, "aliyetuma PDF".

PDF moja, faili moja tu la kurasa! Picha sita za kawaida kabisa. Nimeziona, ziko kwenye tovuti yao hadi leo, na upeo wa macho umepinda.

Kosa langu ndilo kosa lako, mdogo wangu. Drive ikitengeneza faili au folda mpya, inakufungulia wewe peke yako hadi uibadilishe iwe ya yeyote mwenye linki. Na ukiijaribu kwenye simu yako itafunguka kila siku, kwa sababu simu inakujua, umeshaingia kwa akaunti yako. Huo si mtihani. Ifungue kwenye dirisha la faragha la kivinjari, lile la "incognito" lisilojua akaunti yako, au azima simu ya mtu. Mimi siku hizi namtumia mama wa vocha hapa chini ya ngazi, ananiita "binti wa linki". Ikifunguka kwake, natuma. Ijaribu nje ya akaunti yako. Nitarudia tena mkichoka: ijaribu nje ya akaunti yako.

Sasa lipi ni lipi. Kitu ambacho mteja atakishika, atakisaini, atakilipa, kiende kama kiambatanisho, PDF, jina la faili lina tarehe. Kotesheni, ankara, mkataba. Hiyo haibadiliki ukiwa umelala, na haimwombi mtu ruhusa kikaoni. Vitu vizito na vinavyoendelea kubadilika, picha, video, viende kwa linki, na umpe mtu nafasi ya kuangalia tu. Usimpe ya kuhariri, kuna mtu aliwahi kunifutia folda akidhani anasafisha simu yake.

Dereva wa safari ni habari nyingine. Rafiki yangu anaendesha wageni, ofisi yao ilimtumia ratiba kwa linki, akaja kuitafuta akiwa porini mtandao umekata. Wageni nyuma wanamwuliza kesho tunalala wapi, yeye anatazama kiduara kinazunguka. Mtu anayeingia Serengeti mpe faili, alipakue akiwa bado mjini.

Na nyie wa ofisi za utalii, mnisamehe, lakini picha za pasipoti za wageni kwenye folda iliyo wazi kwa yeyote mwenye linki mnatafuta nini? Linki inasambazwa kwenye kundi la WhatsApp kwa sekunde. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inatumika tangu Mei 2023. Za namna hiyo fungulia imeili ya mhusika mmoja mmoja, kazi ikiisha funga. Tuna tabia ya kuacha milango wazi halafu tunashangaa kuku kaibiwa.

Jambo dogo, nafasi. Google inakupa GB 15 za bure, lakini Gmail, Drive na picha zako zote zinakula sahani moja. Zikijaa hupokei imeili, na mteja hatajua kwa nini umekaa kimya.

Wiki iliyopita meneja yule yule ameniandikia. Wanataka picha mpya. Sikumuuliza za zamani zina nini. Nikamtumia PDF ya kurasa mbili, kotesheni na picha nne ndogo, chini yake linki ya zile kubwa, baada ya mama wa vocha kuzipitia zote na kusema ile ya supu ina giza. Nikaibadilisha ile ya supu. Kabla ya saa sita akajibu: "Nimefungua zote, asante." Advansi bado hajatuma.