Kabla hujanunua nyumba kisiwani, uliza wapangaji wanakula wapi

Juzi kanitumia ujumbe kijana mmoja yuko Doha, mtoto wa Mombasa, ameweka akiba miaka na sasa kuna mtu wa kwao anamwambia kuna flati Tudor, hapa kisiwani Mombasa, vyumba viwili, mwenyewe amebanwa na benki anaitoa bei ya kutupa. Ananiuliza, dada nichukue ama ningoje ishuke zaidi? Nlianza kumjibu kwa WhatsApp nikaona jibu linakuwa refu kuliko khutba ya Ijumaa, nikasema bora niliweke hapa maanake najua si yeye peke yake, sote twataka kitu kimoja, nyumba ya kutuletea kodi tukizeeka tusikae kumtazama mtoto machoni tukitaka pesa ya dawa.

Jibu fupi ni kwamba bei kushuka si sababu ya kununua. Kisiwani kwetu bei ya nyumba ikishuka jua kuna kitu kimeshuka kabla yake, na hicho ndicho cha kuuliza. Jibu refu lina mambo yangu ndani, nistahimilieni.

Mimi nlikuwa karani wa kliaringi, kazi ya kuwatolea watu mizigo yao bandarini. Kazi nlianza msichana, nikazijua fomu za forodha kuliko nlivyojua kupika, na sijisifu. Sasa 2017 ikaja SGR, ile reli mpya ya Nairobi, mwaka uliofuata ikatoka amri makontena ya kwenda bara yapande treni yakatolewe Embakasi, Nairobi. Waliokuwa nje hawajui ilivyouma. Fikiria kazi iliyokuwa inafanywa hapa na dereva, karani, hamali, fundi wa matairi, mama wa chakula wa Changamwe, mwenye gesti ya Miritini, yote inapita juu ya reli usiku wewe umelala. 2019 watu walikuwa wanaandamana kila Jumatatu. Ofisini kwetu wakapunguza watu na mimi nikawamo, barua nikapewa na mlinzi getini, na mtu nliyemfanyia kazi miaka yote hiyo hakushuka ngazi hata kunambia kwaheri. Nshasamehe. Lakini nakumbuka.

Hapo ndipo nyumba zikaanza kuanguka bei. Mtu ana malori mawili ya mkopo, malori yamelala, benki inapiga simu, anauza nini? Anauza nyumba. Majengo, Sparki, Tudor, mpaka Kizingo kwa wakubwa, kila dalali ana orodha mfukoni na kila nyumba ni "bei hii hutaiona tena." Wahenga walishasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mwaka ule zilikuwa zinajitembeza mpaka mlangoni kwako. Nami nna ile pesa ya kuachishwa kazi na hisa zangu za sako, chama chetu cha akiba na mikopo. Kila mtu akanambia usiiguse, hali mbaya. Binamu yangu mmoja, ambaye nitamrudia, akanambia mwanamke asiye na kazi ananunua nyumba ya kazi gani.

Nikanunua. Nyumba ya Kiswahili Majengo, vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, koridoo katikati, uani choo na bomba moja ambalo maji huja yakitaka. Lakini kabla sijauliza bei nlikwenda jioni nikaketi kwa mama wa viazi karai pale kona, nikala, nikaongeza ukwaju, nikarudi tena siku nyingine, mpaka nikajua mle ndani nani anafanya kazi gani. Dalali hawezi kukwambia haya, hayajui wala hataki kuyajua. Vyumba vinne kati ya sita wanatoka bandarini au hoteli za Nyali na Bamburi. Na hapa ndipo lilipo somo langu lote, mengine mtayasikia lakini ni lile lile: kisiwa hiki watu wengi wanakula sinia mbili tu, ya meli na ya wageni. Sinia moja ikiondolewa, ndani ya miezi michache utaona mikokoteni inahamisha magodoro. Kwa hivyo nikamwambia muuzaji, wewe unaniuzia vyumba sita lakini mimi naona viwili ndivyo vyenye kodi ya kuaminika, tukate bei kwa hesabu hiyo. Akacheka. Baada ya wiki kadhaa akanipigia mwenyewe.

Halafu kuna ile ya nyumba bila ardhi, wageni hawaielewi na hata watoto wa hapa wengine hawaielewi mpaka yawakute. Majengo na mitaa mingi ya Waswahili kuta ni zako, ardhi ni ya mtu mwingine, unamlipa kodi ya ardhi. Mambo haya yana mizizi mirefu, kule 1908 Mwingereza alileta sheria ya hati za ardhi za Pwani, aliyejua kudai akapata hati, aliyekuwa hajui au hana mtu wa kumsemea ardhi ikahesabiwa ya serikali ya mkoloni, na mpaka leo twalipia. Nyengine ni wakfu, hiyo haiuziki hata ukipendwa vipi. Kwa hivyo mimi kabla ya kutoa shilingi nlikwenda kwa ajenti wa mwenye ardhi, nikataka barua kwamba anajua nyumba inabadilisha mikono, nikataka na risiti za nyuma nione kama muuzaji ana deni. Alikuwa nalo. Likakatwa kwenye bei. Wakili wangu akanambia wanunuzi wengi humjia wameshalipa, sasa anabaki kuwafariji.

Basi nikaingia, na kila chumba kikiwa wazi nachagua wa kuingia. Si kwa kabila wala dini, kwa sinia, namtaka asiyekula kwenye zile mbili. Nikatafuta muuguzi wa hospitali ya Makadara, mwalimu, mwanamke anayeuza mabuibui Mwembe Tayari. Wakati huo binamu yangu anamalizia flati zake Ganjoni kwa mkopo, anataka wapangaji "wa hali," mameneja wa hoteli na watu wa meli. Sinia zile zile!

Ikaja Machi 2020 na Korona. Ndege zikafungwa, kafyu ikaingia, Aprili Mombasa ikafungwa hakuna kutoka wala kuingia, Mei Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake. Hoteli zikafunga milango na wafanyakazi wakarudi nyumbani bila kitu.

Nlikuwa na mpangaji mmoja alikuwa anafua mashuka hoteli moja ng'ambo ya daraja. Alikuja kwangu asubuhi, barakoa ya kitambaa cha leso, akakaa kwenye ngazi hataki kuingia ndani, akatoa ufunguo akauweka juu ya saruji baina yetu. Uliofungwa na uzi mwekundu. Akasema, "Dadangu, ufunguo wako huo. Kodi sina na sitaki unifukuze, nimejifukuza mwenyewe." Wallahi sikuwa na pesa mimi, nlikuwa nategemea hizo hizo. Lakini nikapiga hesabu ya karani: chumba kikiwa wazi mwaka huu nani atakipanga? Hakuna. Kikikaa tupu kinaoza, panya, popo, wezi wa nyaya. Nikausukuma ufunguo ukarudi upande wake, nikamwambia lipa unachopata na tuandike.

Na tuandike ndiyo muhimu. Chumba cha elfu nne na nusu wengine nliwashushia mpaka nusu, lakini kila mmoja alitia sahihi karatasi kwamba huu ni msamaha wa muda na kodi ya chumba ni ile ile. Wakili ndiye alinambia, maanake nyumba za makazi za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi zina sheria yake na baraza lake, ukijikuta huko bila karatasi utahangaika kupandisha. Hasira za mwenye nyumba za kung'oa milango na kuvua mabati pia ziache, ni kesi hiyo.

Binamu hakushusha hata senti. Alisema ukishusha mara moja umejishusha daraja. Kwenye harusi ya familia, vizuizi vilipolegea, akaniita mbele ya watu "mwenye nyumba wa sadaka," na meza nzima ikacheka, na khaloo yangu, mamake, akacheka pia. Sikujibu, nikamalizia pilau yangu. Sasa ntajibu. Yule wa mashuka bado yuko, analipa kodi kamili, aliumaliza upungufu wote kidogo kidogo kwa M-Pesa bila kuulizwa. Vyumba vyangu vyote vina watu. Za Ganjoni sizihesabu mimi, zihesabuni nyinyi mkipita pale usiku muone taa ngapi zinawaka.

Septemba 2022 Rais Ruto alivyoingia tu akarudisha utoaji wa mizigo Mombasa, mji ukapumua kidogo, madalali nao wakarudi na sauti zao. Halafu ikaja ile nyingine, Januari 2024 dola imefika kama shilingi 160, Februari Benki Kuu ikapandisha riba yake mpaka asilimia 13 na benki za biashara zikapanda juu ya hapo, wenye mikopo ya nyumba wakabanwa wakiwa hawajapona ya Korona. Hiyo flati ya Tudor nadhani ni mtoto wa wakati huo.

Sasa wewe wa Doha skiza. Riyal yako imefungwa na dola, zapanda na kushuka pamoja. Wakati dola ilikuwa 160 pesa yako ilikuwa nyingi kwetu, iliporudi kwenye kama 129 mwaka huo huo wa 2024 pesa yako kwa shilingi ikapungua kama moja ya tano. Kwa hivyo akikwambia bei imeshuka asilimia ishirini kutoka pale, kwako wewe haijashuka kitu, umesimama pale pale. Hili mtu wa kwenu hakulitaja, sivyo?

Mtafute mtu asiyepata kamisheni. Aende baada ya isha asimame ng'ambo ya barabara ahesabu madirisha yenye taa. Aende tena alfajiri aangalie mikokoteni ya maji, kama inapanga foleni getini jua bomba ni pambo na kisima ni cha chumvi. Apande juu mpaka balkoni ya mwisho, atazame dari yake, saruji ikiwa imebanduka na chuma kinaonyesha kutu basi jengo linaliwa na bahari kutoka ndani. Rangi isimdanganye, tangu ile amri ya kaunti ya 2018 ya kupaka majengo ya mjini nyeupe na buluu kila kizee kisiwani anaonekana bwana harusi. Na aongee na wapangaji. Sinia gani, sinia gani, sinia gani. Kama jengo zima ni watu wa hoteli usinunue hata upewe kwa nusu, au nunua kwa hesabu ya nusu tupu.

Karatasi ndiyo hizi: sachi ya hati kutoka ofisi ya ardhi, inayoonyesha nani mwenyewe, uione kwa macho yako, miaka iliyobaki kwenye lizi kama ardhi ni ya kukodi, hati ya flati yenyewe chini ya sheria ya 2020 ya majengo ya pamoja siyo karatasi ya mgao tu, barua ya benki ya deni lililobaki, na mke wa muuzaji akubali kwa sahihi maanake sheria inamtambua. Kama mzee kafa, mirathi iwe imekwisha, kwa Kadhi au mahakamani, siyo "tumeelewana na ndugu." Ndugu huelewana mpaka pesa ionekane. Weka kando asilimia 4 ya stempu na pesa ya wakili, na kama bado wahesabiwa mkaazi wa Kenya, ukianza kupokea kodi inayovuka 288,000 kwa mwaka kuna asilimia 7.5 ya KRA, watu wa ushuru, kwenye kodi yote unayopokea, hawakuulizi ulitengeneza choo kwa bei gani.

Na muogopeni Mungu jamani. Mwaka mbaya ndio mwaka watu wanajuana. Naona vijana wanunua nyumba mnadani, kuna familia ndani, siku ya pili washatoa notisi, siku ya tatu wanapiga picha ya ufunguo waweke status. Mpangaji ni mtu anayekulipia deni lako la benki, mheshimu. Yule anayelipa nusu kwa ukweli ni bora kuliko anayekuahidi nzima kwa Kiingereza.

Kijana wangu, ukipata nakala ya hati nitumie, picha za sebule sizitaki. Na muulize mtu wa kwenu sevis chaji, ile pesa ya matunzo ya jengo hilo, ni ngapi kwa mwezi, na majirani wangapi wana deni lake, maanake kama wengi hawalipi, lifti na pampu ya maji utatengeneza wewe kutoka Doha.